Kampala kwa Miguu na kwa Kinywa

Mama mmoja kutoka Arusha alikaa ghafla katikati ya ngazi za mnara wa msikiti wa Old Kampala, akashika ukuta, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, naona giza." Ilikuwa saa saba kasoro mchana. Tulikuwa tunatembea tangu saa mbili asubuhi, na kwa saa zote hizo nilikuwa nimewalisha wageni wangu miaka: 1890, 1892, 1962, 1966, 1972. Chakula nilikipanga mwisho, saa nane, kama zawadi ya kumaliza safari. Mama yule alikuwa na kisukari. Hakuniambia, kwa kuwa mimi sikumuuliza.

Kilichotuokoa ni kijana mmoja wa kundi lile, ambaye njiani alinunua soda na kabalagala mbili, vile vitumbua bapa vya ndizi mbivu na unga wa muhogo. Mama alikunywa, akala taratibu palepale kwenye ngazi, nami nimemshika mkono. Baada ya robo saa rangi yake ikarudi, akasema tuendelee kupanda. Sikukubali. Tuliteremka polepole, na tulipofika chini miguu yangu ndiyo iliyokuwa ikitetemeka.

Huo ulikuwa mwezi wangu wa pili katika kazi hii ya kuongoza wageni kwa miguu mjini Kampala. Sasa nina miaka tisa, na karibu kila kitu ninachofanya tofauti leo kilianzia kwenye ngazi zile.

Nilizaliwa na kulelewa katika kota za polisi pale Nsambya. Baba alikuwa polisi. Kambini tulikuwa watoto wa Kiacholi, Kilugbara, Kiteso, Kisamia na Kiganda, na lugha ya kuchezea ilikuwa moja, Kiswahili. Ukivuka lango la kambi lugha hiyohiyo ilibadilika sura. Mjini watu wengi waliisikia kama lugha ya bunduki, ya vizuizi vya barabarani, ya mlango unaogongwa usiku. Walikuwa na sababu, kwa maana yaliyowapata yaliwapata kwa Kiswahili. Nilipoanza sekondari nilijifunza kuiacha getini kila asubuhi na kuichukua tena jioni nikirudi.

Chakula chetu cha kambini kilikuwa posho na maharage. Msomaji wa Tanzania atashangaa, maana kwake posho ni pesa ya kujikimu anayolipwa mtu kikaoni. Kwetu Uganda posho ni ugali wa mahindi. Neno ni lilelile: mgawo, kile anachokatiwa mpagazi, askari, kibarua. Kilichogawiwa kilikuwa unga, na unga ukabaki na jina la mgawo. Ndiyo maana hadi leo Muganda wa nyumba ya heshima hampikii mgeni wake posho. Ni chakula cha shule, cha kambi na cha jela. Mgeni anapikiwa matooke, ndizi za kupika. Nilikula posho kwa miaka kumi na minane bila kujua kwamba nilikuwa nakula historia ya misafara, na nilikuja kuielewa kwa kufundishwa na mgeni niliyekuwa nalipwa nimfundishe yeye.

Alikuwa mzee wa Tanga, mwalimu mstaafu, aliyekuja na binti zake wawili. Rafiki yangu aliyefanya kazi hotelini ndiye alinipa wageni wa namna hii tangu mwanzo: watu wa Tanzania, Kenya na Kongo waliotaka kuuona mji kwa Kiswahili, wakati waongozaji wengi walizungumza Kiingereza. Tulianza soko la Nakasero, ambalo limekaa chini ya kilima kile tangu 1927. Nilikuwa tayari na hotuba yangu ya soko. Mzee hakuisikiliza. Alikuwa na tabia ya kusimama.

Muuzaji mmoja alimwita mwenzake amletee essowaani. Mzee akasimama. "Sahani?" akaniuliza. Ndiyo, mzee. "Na hicho alichoshika?" Ekijiiko. Meza? Emmeeza. Sufuria ni sefuliya, sabuni ni ssabbuuni, mchele ni omuceere, sukari ni ssukaali. Alicheka mpaka akatoa leso. Kisha akageukia upande wa pili, kwenye mikungu na majani na mafungu. Na hivi? Matooke. Luwombo. Ebinyeebwa, yaani karanga. Nsenene. Hapo hakutambua hata kimoja. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Kwa hiyo sisi tulileta vyombo. Chakula mlikuwa nacho."

Nilikuwa nimesoma kwamba wafanyabiashara wa pwani walifika katika ikulu ya Suuna, Kabaka (yaani mfalme) wa Buganda, mnamo 1844, na kwamba Ahmed bin Ibrahim ndiye anayekumbukwa kwa kumwambia mfalme habari za Mwenyezi Mungu. Nilisoma kuhusu nguo na bunduki zilizopanda kutoka Unguja, na pembe za ndovu na watumwa walioteremshwa kwenda huko. Yote hayo nilikuwa nayatamka kila wiki. Lakini hayakuwahi kunigusa mkononi hadi mzee yule aliposhika sahani ya bati na kuipindua kama anayetafuta alama ya mwenyewe. Lugha niliyokuwa naiacha getini ilikuwa imekaa mezani kwa kila Muganda wa mji huu, na hakuna aliyeifukuza.

Tangu siku hiyo matembezi yangu yana mpango mwingine. Nauandika hapa kwa sababu vijana wawili watatu wameniuliza namna ya kuanza, na afadhali wajifunze kwa makosa yangu.

Naanza na katogo. Katogo ni chakula cha asubuhi: matooke yaliyopikwa chungu kimoja na utumbo wa ng'ombe, au maharage, au karanga, mchuzi ukiwa mzito. Ukifika saa nne umechelewa, limekwisha. Watu wa soko, makondakta na makarani wa ofisi wanalila kwenye benchi moja wakigusana mabega, na mgeni akikaa katikati yao anakuwa amekwisha kuona Kampala kabla hajaonyeshwa jengo lolote. Pia tumbo lake limepata kitu cha kumshikilia hadi mnarani. Kabla ya kuagiza huwa nauliza kila mtu, kwa faragha: unatumia dawa gani, magoti yako yanapanda ngazi, na unazira nini. Hilo la tatu nalieleza baadaye, maana lina kisa chake.

Kwenye katogo ndipo pia ninaposuluhisha suala la ndizi. Mgeni wa Moshi, aliyezoea mtori na machalari, husema anataka ndizi, na muuzaji humletea vidole vidogo vitamu vya kula vibivu. Kwa Kiganda ndiizi ni aina hiyo moja tu. Za kupika ni matooke. Ile kubwa tamu ni bogoya, ya kuchoma au kukaanga ni gonja, na ya kukamulia juisi na pombe ni mbidde. Watu wenye majina mengi hivi hawali ndizi kwa bahati. Namwambia mgeni hesabu ya majina, kisha namwacha aonje tatu kati yake mwenyewe.

Kutoka hapo tunapita kwenye Sanamu ya Uhuru, kazi ya Gregory Maloba, mchongaji mzaliwa wa Kenya: mama aliyefungwafungwa mwilini, anamwinua mtoto juu, naye mtoto amenyoosha mikono hewani. Wengi hupita karibu yake kila siku bila kuinua macho. Ninachowaomba wageni ni kuangalia miguu ya mama kabla ya mikono ya mtoto. Sisemi zaidi.

Barabara ya Kampala naipita haraka, isipokuwa nawaonyesha maghorofa ya zamani yenye majina ya Kihindi na miaka ya kujengwa iliyochongwa juu ya roshani. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika mjini hapa mwaka 1931, lakini maduka ya Wahindi yalikuwa yametangulia. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa siku tisini waondoke. Kisha tunageuka kona, tunasimama kwa mkaanga chapati. Wenyewe waliondoka na masanduku yao, chapati na sumbusa zikabaki, na kijana mbele yetu anazikaanga bila kujua kwamba kuna aliyewahi kuziona za kigeni. Anavunja mayai mawili, anachanganya na kabeji, kitunguu na nyanya, anayamwaga juu ya kikaango, anafunika kwa chapati, anageuza, anakunja. Hiyo ndiyo rolex. Jina limetoka kwenye maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyokunjwa, yaliyotamkwa haraka mpaka yakawa neno moja. Wengi wanaamini ilishika nguvu Wandegeya, karibu na Makerere, kwa sababu ya wanafunzi wenye njaa na pesa kidogo. Kama pesa ni ndogo zaidi kuna kikomando: chapati iliyokatwakatwa, ikamwagiwa maharage.

Kwa mkaanga chapati ndipo niliposikia neno lililoniuma zaidi katika kazi hii. Nilikuwa nampelekea wageni kwa miezi kadhaa. Siku moja, wageni wakiwa wamesogea, aliniambia kwa upole, "Nnyabo, watu wako wanapiga picha mikono yangu dakika ishirini. Halafu wananunua moja wanagawana sita. Wateja wangu wa kweli wamesimama nyuma yao, wanaondoka." Alikuwa amevumilia miezi yote hiyo kwa adabu. Mimi nilikuwa nalipwa kwa ajili ya mikono yake, naye hakuwa akilipwa.

Leo kila anayetuonjesha nimeshakubaliana naye bei kwa kichwa, na namlipa asubuhi kabla sijafika na wageni, hata kama mvua itatuzuia tusifike. Picha ni kwa ruhusa yake, na yeye ndiye anachagua saa ambayo haina msongamano. Faida yangu imepungua. Lakini siku hizi akiniona kwa mbali ananipungia mkono, na wageni wanaona kwamba wanaowatembelea wanafurahi kutembelewa. Hilo haliwezi kuigizwa.

Steshoni ya zamani ya teksi hatukai, tunaitazama tu kutoka juu ya ukingo. Teksi kwetu ni kile ambacho Mtanzania anakiita daladala na Mkenya matatu, na kuona mamia yake yamebanana bondeni kama mbegu za papai kunatosha.

Kisha Old Kampala. Kilima hiki ndicho chenye jina. Waganda walikiita kilima cha swala, wale impala, na mji mzima ukachukua jina la kilima. Desemba 1890 Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza alipiga kambi na kujenga ngome yake hapo. Leo pamesimama Msikiti wa Taifa. Amin aliuanzisha mwaka 1972, ujenzi ukakwama kwa miaka mingi, hadi Gaddafi wa Libya alipotoa fedha ukamalizika, ukafunguliwa rasmi 2008. Kwa muda uliitwa kwa jina lake. Wanawake tunapewa vitambaa vya kujifunga mlangoni, viatu vinabaki nje, na zulia ndani ni laini kiasi kwamba wageni waliochoka hutamani kukaa. Nawaacha wakae. Nilikuwa nawaharakisha, sasa dakika kumi za zulia ni sehemu ya ratiba.

Juu ya mnara ndipo ninapozungumza sana, kwa kuwa kutoka pale maneno yana mahali pa kutua. Ule ni Namirembe wa Waanglikana. Ule ni Rubaga wa Wakatoliki. Kule Kibuli na msikiti wake. Mengo ya Kabaka. Nakasero ya serikali. Na ule Nsambya, nyumbani kwetu. Pamoja na kilima tulichosimama, hivyo ndivyo vile vilima saba vya zamani ambavyo kila mtoto wa shule anavitaja. Januari 1892 Waganda walipigana wao kwa wao kati ya vilima hivi, Waprotestanti wakiitwa Wangereza na Wakatoliki wakiitwa Wafaransa, ingawa wote walikuwa watoto wa nchi moja, na bunduki ya Maxim ya Lugard kutoka hapahapa ikaamua nani ashinde. Ukiwa chini hayo ni habari za kitabuni. Ukiwa juu unaona kwamba waliopigana walikuwa wanaonana nyuso karibu.

Na sasa nasema jambo ambalo ilinichukua miaka mitatu kulijua. Kuna mahali ambapo chakula hakifai.

Mengo, ndani ya Lubiri, ikulu ya Kabaka, kuna mashimo ya zege yaliyochimbwa ubavuni mwa kilima. Mei 24, 1966, Rais Obote alituma jeshi kushambulia ikulu hii, na aliyeliongoza ni Idi Amin. Kabaka Muteesa wa Pili aliruka ukuta akatoroka, akafia uhamishoni London mwaka 1969. Falme zikafutwa 1967. Ikulu ikageuka kambi, na Amin alipotwaa nchi vyumba vile vikawa mahali pa kufungia watu na kuwaua. Njia ya kuingilia hujaa maji, na mwenyeji wa pale huwaeleza wageni jinsi maji hayo yalivyotiwa umeme ili asitoke mtu. Ukutani kuna maandishi ya watu waliojua hawatatoka.

Mimi nilikuwa natoka na wageni mle ndani, na hatua mia mbili mbele nimeshaweka meza: juisi ya matunda, gonja ya kuchoma, karanga. Niliona ni kuwaliwaza. Siku moja mgeni kutoka Goma, mwanamume wa makamo, aliangalia ile gonja, akaniambia, "Dada, mimi ndugu zangu walichukuliwa hivi. Usinipe kitu kinywani sasa." Nilisimama na sahani yangu. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananieleza tu namna mwili wa mtu unavyofanya kazi.

Sasa tukitoka mle hatuli na hatuzungumzi. Tunatembea ile barabara iliyonyooka kutoka Lubiri hadi Bulange, jengo la bunge la Buganda, karibu maili moja, kila mtu kwa mwendo wake. Pembeni kuna alama za koo za Waganda. Katikati ya njia kuna mzunguko wenye geti katikati yake, ambalo hufunguliwa kwa Kabaka peke yake, kwa sababu Kabaka hazunguki, yeye hupita moja kwa moja. Falme zilirudishwa 1993, na geti lile hufunguliwa tena. Mara nyingi ni hapo mgeni wa kwanza anafungua mdomo, anauliza swali, na ndipo najua kwamba tunaweza kwenda kula.

Nimetaja koo, basi nieleze kile kisa cha kuzira. Ilikuwa Novemba, msimu wa nsenene, panzi wa kijani wanaokuja na mvua na kunaswa usiku kwa taa kali na mabati. Wanang'olewa mabawa na miguu, wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na kitunguu, wanauzwa kwa vikombe. Mgeni wangu alikuwa Muganda aliyekulia Uingereza, amekuja na mkewe wa Mombasa kumwonyesha kwao. Nilichota kiganja kizima, nikamnyoshea kwa furaha. Alirudi nyuma hatua moja. Akasema, "Mimi ni wa ukoo wa Nsenene."

Mwaka mzima nilikuwa nimewaambia wageni kwamba kila ukoo wa Buganda una muziro wake, mnyama au mmea ambao watu wa ukoo huo wanaubeba jina na hawauli. Mmamba hali kambaremamba, Butiko hali uyoga, Mpindi hali kunde, Mbogo hali nyati. Nilikuwa nakitaja kama kichekesho cha njiani. Na yule kijana, ambaye Kiganda chake kilikuwa cha kuokoteza, aliyekulia kwenye baridi maili elfu nne kutoka hapa, alikuwa ameutunza mwiko wa bibi yake kuliko nilivyoutunza mimi niliyeishi nao jirani. Nilimwomba radhi. Mkewe akasema kwao watu huzira chakula wakiwa wamenuna. Mumewe akasema Kiganda nacho kinasema okuzira, ila mtu wa muziro hajanuna na yeyote. Walicheka pamoja, wakanisamehe.

Kwa hiyo nauliza. Muganda namuuliza ukoo wake kabla ya uyoga. Mwislamu namhakikishia kikaango, si nyama tu, maana Kampala inapenda nguruwe na vikaango vingine vimepitia mengi. Ni maswali ya dakika mbili.

Mlo mkubwa ni luwombo, kitoweo kinachopikwa kikiwa kimefungwa ndani ya jani la mgomba. Tunalila Mengo, kwa mama mmoja anayepikia uani kwake. Inasimuliwa kwamba luwombo lilibuniwa mwaka 1887 na Kawuuta, mpishi wa Kabaka Mwanga. Kwa muda mrefu mimi ndiye niliyesimulia hilo, mama mwenyewe amesimama pembeni na sinia mikononi akisubiri nimalize. Sikuliona kosa. Nililiona siku niliyopata mafua, sauti ikakauka kabisa. Nilimwonyesha kwa mkono: sema wewe.

Aliweka sinia chini, akachukua jani la mgomba, akalipitisha juu ya moto wa mkaa. Jani lilibadilika, likang'aa, likalegea kama kitambaa. Alichuna uti wa katikati kwa kisu kidogo ili likunjike bila kupasuka. Akaeleza, kwa Kiganda na kwa kile Kiswahili chake cha sokoni, kwamba kuku anafukizwa moshi kwanza, karanga zinasagwa mbichi, kila kitu kinaingia mara moja, chumvi ikiwemo, na mfuko ukishafungwa kwa ukambaa wa mgomba huonji tena. Ukifungua kuonja umeharibu. Unapika kwa saa kadhaa ukitegemea mkono wako na pua yako. Akasema kila mgeni hupewa luwombo lake zima, hagawani na mtu, ndiyo heshima yenyewe. Akasema alifundishwa na bibi yake kwenye matayarisho ya arusi ya shangazi, na mara ya kwanza aliweka chumvi mara mbili, bibi akala lote mbele ya watu bila kukunja uso.

Wageni wangu, ambao kwa kawaida huniuliza maswali mawili matatu, walimuuliza kama ishirini. Jani la aina gani? Kwa nini si sufuria? Karanga nyekundu au nyeupe? Bibi aliishi hadi lini? Walipofungua majani yao, mvuke ukawapiga usoni, hakuna aliyekimbilia simu. Sijawahi tena kuchukua nafasi yake, ijapokuwa mafua yaliisha.

Mwaka 2005 Katiba yetu iliitaja Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Wageni wa Kiswahili wameongezeka, na baadhi ya waongozaji wenzangu wananiuliza maneno. Nawafundisha kwa moyo wote. Ila nawaambia pia kwamba lugha itawafikisha mlangoni kwa mpishi, ukishafika, mpishe.

Mwezi uliopita nilikuwa na familia ya Bukoba, watu saba, na bibi yao wa miaka themanini na kitu aliyekataa kubebwa na boda hata mara moja. Tulifika Mengo mawingu yameshuka. Baada ya luwombo yule mama mpishi alileta kikapu kidogo cha emmwaanyi, kahawa iliyochumwa ikiwa mbichi, ikachemshwa na majani ya viungo na kukaushwa, ya kutafuna. Zamani watu wawili wakitaka kuwa ndugu waligawana punje mbili za tunda moja, kila mmoja akiipaka yake damu yake na kumpa mwenzake aimeze. Nilikuwa nimefungua mdomo nieleze.

Mpishi alipiga magoti kumwamkia bibi, kama anavyofanya kwa wakubwa wote. Bibi hakuniangalia mimi. Aliingiza vidole kikapuni, akatoa punje tatu, akaziweka kinywani kama mtu aliyerudi kwake. "Amwani," alisema. Mpishi akainua uso. Bibi akasema sentensi nzima kwa Kihaya. Mpishi akajibu kwa Kiganda, polepole. Bibi akarudia neno moja kulisahihisha au kulilinganisha, sikujua. Mpishi akasogeza kigoda chake karibu.

Mvua ikaanza kupiga mabati. Wajukuu waliniuliza wanasema nini. Nilikuwa nakamata nusu tu: katogo, jina la mtu, shamba, tena katogo. Niliwaambia wasubiri, nikachukua punje yangu moja, nikakaa kwenye jamvi pamoja nao. Mvua ilipokata, wale wawili walikuwa wamefika kwenye ndizi za pombe, na bibi alikuwa anamwonyesha kwa viganja jinsi kwao wanavyozikamua kwa nyasi.